Mchuma janga: uchambuzi wa mlo mmoja wa uyoga wa msituni

Mwishoni mwa Agosti 2008, katika nyumba moja ya shambani karibu na mji wa Forres, kaskazini mwa Uskoti, watu wazima wanne walikula uyoga uliokaangwa kwa siagi. Mmoja wao alikuwa Nicholas Evans, Mwingereza mwandishi wa riwaya aliyekwisha kuuza vitabu kwa mamilioni. Wengine walikuwa mkewe, shemeji yake, yaani kaka wa huyo mke, na mke wa shemeji. Uyoga ulitoka msitu wa jirani, na Evans ndiye aliyeuchuma. Watoto wa nyumba hiyo hawakuula.

Kesho yake tumbo lilianza kuvuruga. Kitabu cha uyoga kikashushwa rafuni, kurasa zikafunuliwa, na picha waliyoikuta ilikuwa ya kile walichokula, pamoja na maneno kwamba ni sumu ya kuua. Walipelekwa hospitali ya Elgin, kisha Aberdeen. Siku chache baadaye figo za watu watatu kati ya wale wanne zilikuwa zimesimama kazi. Wa nne, mke wa shemeji, alipata nafuu.

Kiswahili kina methali inayokaa juu ya kisa hiki kama kifuniko juu ya chungu chake: mchuma janga hula na wa kwao. Kwa kawaida tunaisema kwa mafumbo, juu ya kijana aliyekopa ovyo au mzee aliyeuza shamba la ukoo. Hapa hakuna fumbo. Mtu alichuma, akala, na wa kwao wakala.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukimaliza haraka: hawakujua uyoga, basi. Mimi jibu hilo halinitoshi. Hawa hawakuwa wageni wa msitu. Ukoo wa shemeji umeimiliki ardhi ile kwa vizazi. Kitabu kilikuwamo ndani ya nyumba. Kama shida ingekuwa ujinga mtupu, dawa yake ingekuwa rahisi, mtu akasome. Lakini ujuzi ulikuwepo, umetapakaa, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, na sehemu kubwa rafuni. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuukusanya kabla ya kikaango kuwekwa motoni.

Tuanze na uyoga wenyewe, maana hapo ndipo pana mshangao mkubwa.

Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, walidhani wana Boletus edulis, uyoga ambao Waitaliano huuita porcini na ambao wachumaji wa Ulaya huusubiri kwa hamu tangu mwisho wa kiangazi hadi majani yanapopukutika. Ni uyoga mnene. Kofia yake ni ya kahawia na imeumuka kama bofulo lililotoka tanurini, shina ni nene limevimba chini, na juu ya shina kuna wavu mweupe hafifu kama soksi iliyochakaa. Ukiugeuza chini juu huoni mistari. Unaona vitundu vidogo sana, vingi, mfano wa sifongo, vyeupe ukiwa mchanga na vya manjano ya kijani ukikomaa.

Walichokula ni Cortinarius rubellus, ambao vitabu vya zamani huuita Cortinarius speciosissimus. Cortina kwa Kilatini ni pazia, na jina linatokana na utando mwembamba kama wa buibui unaounganisha ukingo wa kofia na shina uyoga ukiwa bado mdogo. Kwa hiyo hapa nitauita uyoga wa utando. Kofia yake ni ya rangi ya machungwa iliyochanganyika na kahawia, mara nyingi ina chuchu katikati. Shina ni jembamba, lina mikanda ya manjano kama ngozi ya nyoka. Ukiugeuza unaona mistari minene iliyoachana, kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka, yenye rangi ya mdalasini na baadaye ya kutu. Vumbi la mbegu zake nalo ni la rangi ya kutu. Huota chini ya misonobari, kwenye ardhi yenye tindikali iliyofunikwa na vimea laini vya kijani, na porcini anaweza kuota katika msitu huohuo.

Sasa weka picha hizo mbili sambamba. Mmoja ni sifongo, mwingine ni kurasa. Hakuna haja ya hadubini wala shahada. Mtoto wa darasa la pili ukimpa yote miwili akaipindua, atakwambia si ndugu. Basi mtu mzima, mwandishi, mtu ambaye kazi yake ni kutazama vitu kwa makini, alivukaje hapo?

Nadhani jibu liko katika namna jicho linavyofanya kazi ukiwa na kikapu mkononi. Mtu akiingia msituni kutafuta chakula, jicho halisomi kila kitu linachokiona. Linatafuta kile lilichoagizwa. Rangi ya kahawia pale, kofia ya mviringo pale, mahali ambapo mwaka jana palikuwa na uyoga mzuri, na tayari jina limeshatua kichwani. Jina likishatua, mkono unachuma. Kuugeuza uyoga kunaonekana kama kupoteza wakati, kwa sababu unageuza ili kujua, nawe unahisi unajua. Wachumaji wazoefu wanaijua hali hii na wengi wao wanaiogopa kuliko wanavyoogopa uyoga wenyewe. Ndiyo maana mzoefu huutazama tumbo, yaani upande wa chini wa kofia, uyoga wa mia moja kama alivyoutazama wa kwanza, hata kama amechoka, hata kama mvua imeanza.

Kuna jambo jingine linalochangia. Matunda ya msituni ya majira hayo yanatulea vibaya. Mtu anayechuma beri nyeusi za miiba (blackberry) hahitaji tahadhari kubwa, kwa kuwa ni vigumu sana kuzichanganya na kitu cha kumdhuru. Njugu za msituni za mtini (hazelnut) nazo hivyohivyo, anayeshindana nawe ni kindi tu. Chestnati ya kuliwa ina ndugu wa jina asiyelika, lakini ganda la nje linawatofautisha: la kuliwa lina miiba mingi myembamba kama nungunungu, lile jingine lina miiba michache mifupi minene. Na ukikosea hapo utatapika, utalaani, utaishi. Mchumaji huzoea kosa la aina hiyo, kosa linalojitangaza mapema na kusamehe. Kisha siku moja anahama kutoka tunda kwenda uyoga akiwa na moyo uleule, bila kujua kwamba kanuni za mchezo zimebadilika.

Sumu ya uyoga wa utando inaitwa orelanini. Kisa chake chenyewe kinafundisha unyenyekevu. Hadi katikati ya karne iliyopita jamii nzima ya Cortinarius ilidhaniwa haina madhara makubwa. Mwaka 1952 nchini Poland watu zaidi ya 100 waliugua figo kwa namna isiyoeleweka, kadhaa wakafa, na daktari Grzymala akafuatilia hadi akagundua kwamba wote walikuwa wamekula Cortinarius orellanus, binamu wa karibu wa uyoga wa Forres. Ilichukua muda kwa sababu wagonjwa wenyewe walikuwa wameshausahau mlo. Figo huanza kulalamika siku mbili au tatu baada ya kula, pengine wiki mbili au zaidi. Mgonjwa anafika na kiu isiyokatika, mdomo mkavu, maumivu ya kiuno, mkojo mwingi na kisha mkojo kidogo na kisha hakuna. Ukimuuliza amekula nini, atakutajia cha jana.

Ukiitazama kikemia, orelanini inafanana na dawa za kuua magugu za jamii ya parakwati. Inaingia katika mirija midogo ya figo, ile inayorudisha mwilini maji na chumvi vinavyohitajika, na kuziua seli zake. Moto hauivunji. Kukausha hakuivunji. Siagi na vitunguu havina habari nayo. Na mbaya zaidi, dalili za figo zinapojitokeza sumu yenyewe imeshaondoka kwenye damu, kwa hiyo mashine ya kusafisha damu haiwezi kuitoa. Inachofanya mashine ni kumshikilia mgonjwa huku madaktari wakisubiri kuona kama figo zitaamka. Kinza-sumu hakipo.

Hapa nifungue mabano kidogo. Uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani si huu. Ni Amanita phalloides, wa kijani hafifu, wenye pete shinani na kikombe kilichojificha ardhini. Wenyewe hulenga ini. Hila yake ni tofauti: masaa sita hadi kumi na mawili ya kimya, au zaidi, kisha kutapika na kuhara vibaya, kisha mgonjwa anapata nafuu siku ya pili au ya tatu, anakunywa chai, anaomba kurudi nyumbani, huku ini likiendelea kufa. Nautaja kwa sababu sumu zote mbili zina tabia moja inayomhusu mchumaji moja kwa moja. Zinachelewa. Zile kanuni za kujipima, onja kipande kidogo kisha subiri nusu saa, hazina maana yoyote mbele ya sumu inayosubiri siku tatu.

Na kwa kuwa tumefika hapo, tuzike pamoja na hiyo zile nyingine. Kijiko cha fedha hakigeuki cheusi kwa sababu ya sumu hizi. Kofia inayomenyeka si dalili ya usalama, ya Amanita phalloides inamenyeka vizuri tu. Konokono akiula haina maana kwamba nawe unaweza, konokono na wewe hamkuumbwa na ini moja. Harufu nzuri na ladha nzuri si ushahidi, kwani waliopona Amanita phalloides wamesema ulikuwa mtamu. Kanuni hizi zote zina kasoro moja: zinatafuta alama moja ya sumu, ilhali sumu za uyoga ni nyingi na hazina uhusiano. Kinachofanya kazi ni kuujua uyoga mmoja kwa jina, tumbo, shina, kitako, vumbi na mti ulioota chini yake. Usioujua hivyo unabaki msituni.

Turudi Forres, jikoni.

Mimi nikikisoma kisa hiki, macho yangu hayabaki msituni. Yanakaa pale uyoga unapotoka kwenye kikapu kwenda kwenye kikaango. Msituni uyoga bado ni mzima: una kofia, una tumbo, una mikanda ya nyoka shinani, kila kitu kinachohitajika ili ushtakiwe na kuhukumiwa. Jikoni unaoshwa, shina linakatwa, kofia inakatwa vipande. Dakika tano ndani ya siagi na kila kitu ni kahawia, kimelegea, kinang'aa, kimenyunyiziwa majani mabichi. Mtu anayeketi mezani sasa hana chochote cha kukagua. Angekuwa profesa wa elimu ya kuvu asingeweza kusema kwa uhakika kilichomo kwenye sahani yake. Kila hatua kutoka mti hadi meza inafuta sehemu ya ushahidi na kuongeza sehemu ya imani.

Imani kwa nani? Hapo ndipo uhusiano wa kifamilia unapoingia. Evans alikuwa mgeni kwa shemeji yake. Mgeni aliyechuma kwenye ardhi ya wenyeji ni rahisi kudhani kwamba kama pangekuwa na kitu kibaya mwenyeji angesema, kwa sababu msitu ni wake. Mwenyeji naye akimwona mgeni anarudi na kikapu kwa furaha ni rahisi kudhani kwamba mtu hachumi asichokijua. Kila upande unasoma utulivu wa upande wa pili kama uthibitisho. Hakuna aliyedanganya, wala aliyezembea kwa namna ambayo ungeweza kumnyooshea kidole palepale. Heshima ya kawaida tu. Nani anataka kumuuliza shemeji yake, mbele ya mke wake, chakula kikiwa kinanukia, kama ana hakika? Swali hilo lina sura ya tusi.

Ndiyo maana nasema dawa haiko katika kuongeza ujasiri wa kuuliza mezani. Mezani umechelewa. Swali linapaswa kuwa sehemu ya kazi ya jikoni, kama kuosha mikono, ili lisiwe tusi kwa yeyote. Anayepika hapokei kikapu mpaka mchumaji aseme mambo mawili: huu ni uyoga gani, na umeujuaje. Swali la pili ndilo lenye meno. «Unafanana na ule wa mwaka jana» si jibu. «Tumbo ni sifongo, shina lina wavu mweupe, nyama yake nimeikata na haikubadilika rangi, umeota chini ya mti fulani» ni jibu. Kama mchumaji anababaika kwenye la pili, kitabu kinashuka rafuni wakati huo, uyoga ukiwa mzima, si kesho yake.

Nimewahi kusikia watu wakisema utaratibu wa namna hii unaua raha ya msitu. Sidhani. Wachumaji wenye raha kuliko wote niliowaona ndio wenye maneno mengi kuliko wote. Wanabishana juu ya shina moja kwa robo saa, wananusa, wanakata, wanaweka kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha ili asubuhi waone rangi ya vumbi. Kwa uyoga wa utando, karatasi hiyo ingekuwa na duara la rangi ya kutu. Porcini huacha vumbi la kahawia lenye ukijani wa zeituni, tena kwa alama ya vitundu, si ya mistari inayotoka katikati kama miale. Karatasi ya shilingi chache na subira ya usiku mmoja.

Jambo moja kaya ile ililifanya vizuri, nalo husahaulika. Asubuhi walipojisikia vibaya hawakujipa moyo kwamba ni samaki au ni mvinyo. Walikiendea kitabu, wakakubali walichokiona, wakaenda hospitali wakiwa na jina la uyoga mdomoni. Kwa daktari jina ni zawadi kubwa. Bila jina, kutapika ni kutapika tu, mgonjwa anapewa maji ya chumvi na kurudishwa nyumbani. Akiwa na jina, daktari anajua ni kiungo gani cha kulinda na ni siku ngapi za kukesha. Kwa hiyo anayechuma aweke uyoga mmoja mbichi mzima, na kitako chake, ndani ya mfuko wa karatasi kwenye friji, kwa siku kadhaa baada ya mlo. Usiwe mfuko wa plastiki, maana humo utaoza kabla hujauhitaji. Na kama tumbo limeanza kuvuruga, hata kidogo, unakwenda na mfuko huo hospitali bila kusubiri kuona kama kutapita. Walioula pamoja nawe wote wanakwenda, wenye dalili na wasio nazo.

Hata hivyo, kwa Forres jina halikuokoa figo. Evans, mkewe na shemeji yake waliingia kwenye maisha ya mashine. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, wiki hugawanywa na mashine: mara nyingi siku tatu, masaa manne au zaidi kila kikao, sindano mbili mkononi, damu inatoka inasafishwa inarudi. Katikati ya vikao kunywa maji kunapimwa kwa kikombe. Safari hupangwa kufuata ilipo mashine. Evans alisema hadharani, zaidi ya mara moja, juu ya uzito wa kujua kwamba mkono uliochuma ni wake. Baadaye alitumia jina lake kuhimiza watu wajitolee figo wakiwa hai. Aliishi hadi Agosti 2022, akafariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na miaka 72.

Mashine aliiacha mwaka 2011, alipopandikizwa figo. Aliyeitoa ni binti yake, ambaye hakuonja hata kipande cha uyoga ule.